Kusomea kompyuta Nairobi: maswali ninayoulizwa na wanaotoka nje ya Kenya

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Tanzania, simu yangu haitulii. Siku mbili tatu baadaye ananiandikia mtu wa Goma, kisha wa Bujumbura, kisha mzazi wa Mwanza aliyepewa namba yangu na shemeji wa jirani. Mimi mwenyewe niliingia Nairobi kwa basi la Namanga, nimekumbatia bahasha ya vyeti kama mtoto mchanga. Nikasoma hapa, nikabaki hapa, na kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha. Nimechoka kuandika jibu lilelile mara arobaini, basi nimeyakusanya.

Shikamoo dada. Chuo gani Nairobi ni bora kwa kompyuta?

Marahaba. Hili huja la kwanza kila mara, na kila mara huwa nalikwepa kidogo, kwa sababu muulizaji anataka jina lililoandikwa getini, na mimi nataka aniulize habari za idara. Chuo kinachosifika kwa sheria au udaktari kinaweza kuwa na maabara ya kompyuta ambayo nusu ya mashine haziwaki. Na chuo ambacho shangazi yako hajawahi kukisikia kinaweza kuwa na mwalimu mmoja wa algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, anayewafanya watu wakose usingizi kwa raha.

Ila najua huondoki bila majina. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho mkongwe. Kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na taasisi yake ya sayansi ya kompyuta ilianza 1977. Leo utawakuta kampasi ya Chiromo, karibu na Westlands. JKUAT, yaani Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, iko Juja, kilomita kama 36 kutoka mjini ukifuata barabara ya Thika. Ilianzishwa 1981 kwa msaada wa Japani, na mpaka leo naiona kama chuo cha watu wanaopenda kufungua vitu waone ndani mna nini. Strathmore, pale Madaraka, ni chuo binafsi kilichoanza kama koleji mwaka 1961: ratiba inafuatwa, mavazi yana kanuni zake, na ada inauma. USIU-Africa, Kasarani, inafuata mtindo wa Kimarekani na ina ithibati mbili, ya Kenya na ya shirika la WSCUC la Marekani. Unalipia kozi ulizojiandikisha muhula huo, na wanapokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Kisha kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, KCA pale Ruaraka, na Technical University of Kenya barabara ya Haile Selassie, ile iliyokuwa Kenya Polytechnic. Usikipite Chuo Kikuu cha Multimedia barabara ya Magadi bila kukitazama. Asili yake ni shule ya mafunzo ya posta na simu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1948, kwa hiyo anayependa mitandao na mawasiliano yuko nyumbani.

Ukinibana zaidi nitasema hivi, na ni maoni yangu tu: mwenye uwezo anayetaka mambo yaende kwa saa, Strathmore. Mpenda hisabati mwenye subira, Chiromo. Mwenye mfuko mwembamba anayetaka kuishi katikati ya vijana wanaoandika programu mpaka usiku wa manane, Juja.

Kabla ya kuamua, iandikie idara yenyewe, si ofisi ya matangazo, uombe orodha ya masomo ya miaka yote minne. Uliza wahadhiri wangapi ni waajiriwa wa kudumu na wangapi wanakuja kwa saa. Uliza maabara inafungwa saa ngapi. Waombe majina ya miradi ya mwaka wa nne ya waliomaliza karibuni: ukikuta kumi kati ya kumi na mbili ni mfumo wa kusimamia hosteli au maktaba, umeshaelewa. Na uliza wanafunzi walienda wapi kwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo Wakenya huita atachimenti. Idara iliyo hai hujibu barua hizi. Iliyolala itakutumia kipeperushi chenye picha ya wanafunzi wanaocheka.

Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, BBIT, Uhandisi wa Programu: si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo nilipoungua.

Chuo cha kwanza nilichojiunga nacho sikitaji. Jina la shahada lilikuwa na neno "kompyuta" ndani yake, na kwa msichana wa Tanga hilo lilitosha. Semista ya kwanza nikasoma uhasibu, misingi ya uchumi, mawasiliano ya biashara, na somo moja la kutumia Excel. Nilipomwuliza mwalimu tutaanza lini kuandika programu, akaniambia mwaka wa pili, "kidogo". Nilikaa semista mbili nikijidanganya kwamba mambo yatanoga mbele. Nilipohama kwenda Sayansi ya Kompyuta kwingine, walinikubalia masomo mawili tu kati ya yote niliyosoma. Mwaka mzima wa ada ya baba ukaenda na maji.

Basi tenganisha hivi. Sayansi ya Kompyuta inauliza kompyuta inafanyaje inachokifanya: hisabati diskriti, algoriti, mifumo endeshi, nadharia ya lugha za programu na kompaila, usanifu wa mashine. Uhandisi wa Programu unauliza kundi la watu linajengaje programu kubwa isiyoanguka, na ikianguka inainuliwaje. Teknolojia ya Habari inashika mitandao, seva, kanzidata na kuwahudumia watumiaji. BBIT, ambayo Strathmore na vyuo vingine wanayo, imechanganya biashara na teknolojia, na wapo waliotoka huko wakaajiriwa vizuri sana; si kozi ya chini, ila ni kozi nyingine. Strathmore hiyohiyo wana ya Infomatiki na Sayansi ya Kompyuta, na USIU kwa miaka mingi wamekuwa na ya Teknolojia ya Kompyuta Tumizi. Majina hayalingani kutoka chuo hadi chuo, kwa hiyo lifumbie jina macho, uhesabu masomo. Miaka minne ikiwa na chini ya masomo manne ya hisabati, hiyo si Sayansi ya Kompyuta hata kama imeandikwa hivyo kwenye cheti.

Anayetaka kwenda kwenye akili mnemba, ongeza takwimu na aljebra ya mstari kwenye vitu vya kutafuta. Kozi yenye "akili mnemba" kwenye jina lakini haina hivyo viwili ni kanga yenye maneno matamu inayochuja rangi.

Nimesoma EGM (uchumi, jiografia, hisabati). Nitapokelewa?

Ndiyo, kama hisabati yako imesimama. Mkenya anaingia chuo kikuu kwa wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kwa kompyuta hisabati huangaliwa peke yake. Sisi wa kidato cha sita tunapimwa kwa prinsipo, yaani masomo uliyofaulu kwa kiwango kamili cha kidato cha sita, na kawaida wanataka mbili. PCM (fizikia, kemia, hisabati) na EGM hazina shida. Wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) aliyesoma hisabati tumizi ya msingi aulize kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Cheti cha kidato cha nne peke yake hakitoshi. Watu hukasirika nikisema hivi: "Mbona Mkenya anaingia na kidato cha nne?" Mkenya wa 8-4-4 (minane ya msingi, minne ya sekondari) amekaa darasani miaka kumi na miwili hadi hapo, sisi wa saba na nne tumekaa kumi na mmoja. Ukiishia kidato cha nne, au ukiwa umesoma HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) ukagundua mapenzi ya kompyuta umechelewa, njia ipo: stashahada ya kompyuta kwanza, kisha shahada. Inaongeza muda, lakini nimeona wa stashahada wakifika mwaka wa pili wanawafundisha wenzao.

Na mimi wa Kongo mwenye Diplôme d'État?

Unapokelewa. Tafsiri vyeti kwa Kiingereza kwa mtafsiri anayetambulika, usitafsiriwe na binamu, na uje na vile halisi pia. Vyuo vingi vitakuomba barua ya ulinganisho, yaani karatasi inayosema cheti chako kinalingana na kipi cha Kenya. Kwa vyeti vya sekondari watu wamezoea kuipata KNEC, baraza la mitihani la Kenya, na kwa vya chuo kikuu CUE, tume ya vyuo vikuu. Iulize ofisi ya udahili inataka barua ya nani, kisha uiombe mapema, maana barua hii ndiyo inayowakalisha watu nje ya foleni Septemba wenzao wakiwa darasani.

Kuhusu lugha: mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza. Kiingereza cha kompyuta si kigumu kama cha fasihi, maneno yanajirudia, na rafiki zangu wa Bukavu walizoea ndani ya semista moja. Kilichowatesa ni Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi. Kazi za kikundi zinapangwa kwa Sheng, utani unapigwa kwa Sheng, na Kiswahili chako cha Bukavu au changu cha Tanga kinawafanya watu watabasamu kwa upendo na kuendelea kutokukuelewa. Ukisema "naomba chai" kibandani, mhudumu atakutazama kama mgeni rasmi.

Nitajuaje kama chuo ni halali?

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huchapisha orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na ya programu zilizoidhinishwa. Watu huangalia orodha ya kwanza wakasahau ya pili. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na shahada fulani ndani yake haijaidhinishwa. Angalia pia kama chuo kina hati kamili au bado kiko kwenye idhini ya muda.

Uliza na kampasi. "Nitasomea wapi hasa?" ni swali la maana sana hapa, kwa sababu barua inaweza kuwa na jina la chuo kikubwa, ukifika ukaelekezwa ghorofa ya nne ya jengo la mjini, chini yake wanauza simu.

Na madalali: anayekuomba "ada ya kuhifadhi nafasi" iingie kwenye namba yake binafsi ya simu ni mwizi, hata kama anaongea kwa heshima na ana nembo ya chuo kwenye picha yake. Maombi ya mgeni yanakwenda moja kwa moja chuoni, na malipo kwenye akaunti ya chuo.

Chuo cha umma au binafsi?

Vya umma vina bei nafuu, vina walimu wengi wenye uzoefu, na wanafunzi wenzako watakuwa waliochujwa kwa alama kali sana kutoka kila kona ya Kenya. Kukaa darasani na watu hao kuna thamani yake. Lakini kalenda yao ina moyo wake. Wahadhiri chini ya chama chao UASU waligoma 2017, wakagoma 2024, wakagoma tena 2025 kwa wiki kadhaa. Mkenya mgomo ukianza anarudi kwao Kisii akapumzike. Wewe unabaki Juja unalipa nyumba, kibali chako kinazeeka, na nyumbani wanauliza unafanya nini huko.

Lipo na jambo la alama kupotea, ugonjwa wa miaka mingi katika vyuo vya hapa. Ulifanya mtihani, karatasi ikasahihishwa, lakini kwenye mfumo kuna kistari. Mimi somo moja lilinipotelea hivyo, na nilipanda ngazi za ofisi ile mpaka katibu akajua jina la mama yangu. Kwa hiyo saini kila karatasi ya mahudhurio ya mtihani, tunza kazi zako zote zilizosahihishwa, na piga picha kila stakabadhi. Tanzania tunaogopa sapu (kurudia mtihani) na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Hapa ongeza kistari.

Binafsi wanamaliza kwa wakati. Ndicho unacholipia, zaidi ya majengo. Ila ukikosa ada wiki ya mtihani, wiki ileile huingii mtihani. Huruma haimo kwenye mfumo.

Ada ni shilingi ngapi?

Sikutajii, kwa sababu zinabadilika na mtu atakuja kunishitaki kwa mama yake. Nakufundisha kuisoma.

Karatasi ya ada ina mstari mkubwa wa masomo, chini yake mistari midogo midogo: usajili, mtihani, maktaba, matibabu, kitambulisho, chama cha wanafunzi, amana ya uharibifu. Ijumlishe yote. Kisha tafuta neno "mgeni" au "kimataifa". Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, na mwaka 2017 wakuu wake walitangaza eneo hili kuwa eneo moja la elimu ya juu. Vipo vyuo vinavyomtoza mwanajumuiya sawa na Mkenya anayejilipia, na vipo vinavyomwongezea. Pata jibu kwa barua pepe, si kwa simu, uichapishe. Mwenzangu wa Arusha aliambiwa kwa mdomo "nyinyi ni ndugu zetu", bili ikaja kwa dola.

Halafu zidisha kwa semista nane, si kwa mbili. Familia nyingi zinauza shamba la mwaka wa kwanza bila kujua la mwaka wa tatu litatoka wapi. Kwa chuo kinachotoza kwa kozi, kama USIU, hesabu idadi ya kozi zote mpaka kuhitimu, na ujue kwamba ukifeli moja unailipia tena.

Kuna mkopo au ufadhili?

HELB, yaani mkopo wa serikali ya Kenya, na mgao wa nafasi wa KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo, ni vya Wakenya. Usipoteze muda huko.

Mkimbizi aliyesajiliwa aulizie DAFI, mpango wa UNHCR unaosaidiwa na Ujerumani tangu 1992. USIU imeshirikiana na Mastercard Foundation kufadhili vijana wenye vipaji wasio na uwezo, wakiwemo wakimbizi. Vyuo binafsi vingine vina punguzo lao kwa wenye alama za juu, ambalo halitangazwi sana: uliza. Kwa shahada ya uzamili na uzamivu, ndani ya JKUAT kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika, PAUSTI, na wanaopita mchujo wake husomeshwa. Hiyo haimsaidii wa kidato cha sita leo, lakini iweke akilini.

Kibali cha mwanafunzi kinapatikanaje?

Kwanza pasipoti. Si hati ya muda ya kusafiria, pasipoti. Mtanzania au Mganda haombi eTA, ule utaratibu ulioanza Januari 2024 kuchukua nafasi ya viza. Lakini kuingia bila eTA si kibali cha kusoma, na watu wengi wanachanganya hapo.

Kibali cha mwanafunzi kinaombwa kwa Idara ya Uhamiaji kupitia mtandao, na vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni inayokushika mkono. Utatakiwa barua ya udahili, nakala za pasipoti, vyeti, picha. Ukikaa zaidi ya siku 90 unahitaji pia kitambulisho cha mgeni, na hapo utaifahamu Nyayo House, lile jengo refu la kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Nenda asubuhi. Beba kalamu yako. Beba nakala moja zaidi ya walizosema.

Anza mambo ya vyeti na pasipoti miezi sita kabla. Kwa Mtanzania, ongeza barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania. Itakusaidia siku ya kurudi.

Naweza kufanya kazi huku nasoma?

Kibali cha mwanafunzi si kibali cha kazi. Najua kuna vijana wanaotengeneza tovuti za maduka jioni na kulipwa kwa simu. Sitakuambia ni halali kwa sababu si halali. Ukienda mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni, acha chuo kikuongoze kuhusu karatasi, maana kipo kibali maalumu cha mafunzo ya kazini.

Na ukihitimu? Mwajiri ndiye anayekuombea kibali cha kazi, na lazima aeleze kwa nini ni wewe na si Mkenya. Inawezekana, mimi ni ushahidi, lakini usipange maisha yako ukidhani Nairobi itakushika. Mji huu una kazi za kompyuta kweli: M-Pesa ilizaliwa hapa 2007, Microsoft walifungua kituo chao cha uendelezaji 2019, na mikutano ya waandishi wa programu haikosekani wiki nzima. Ila wanaozigombea ni wengi, na wana kitambulisho cha taifa.

Nikae wapi?

Mwaka wa kwanza, hosteli ya chuo kama ipo. Baadaye, bedsita: chumba kimoja chenye jiko la kona na choo chake. Juja pembezoni au Zimmerman utaanzia kama shilingi 6,000 au 7,000 za Kenya kwa mwezi. Ukisogea Madaraka au South B, jiandae kwa mara mbili na zaidi. Utaombwa amana ya mwezi mmoja, na umeme ni wa kununua tokeni. Kabla ya kulipa, mwulize jirani, si msimamizi wa ploti, maji yanakuja siku ngapi kwa wiki.

Kaa karibu na maabara kuliko karibu na mji. Nilishawahi kukaa mbali kwa kuokoa 2,000, nikazimaliza kwenye matatu na saa mbili za foleni kila siku. (Wenye nyumba hapa wanadai kodi tarehe tano. Mwenye nyumba wangu aliniuliza ninasomea nini, nikamwambia naandika kodi, nikimaanisha "code" za programu. Akacheka sana akidhani namkejeli.)

Na leteni masweta. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Julai ya hapa mtoto wa pwani anaweza kulia.

Laptopu gani?

ThinkPad iliyotumika, ramu ya GB 8 kwa uchache, 16 kama unaweza, na diski ya SSD. Luthuli Avenue na Moi Avenue zimejaa hizi zinazoitwa "ex-UK". Iwashe dukani, ikae nusu saa bila chaja, jaribu kila kitufe. Usinunue mpya ya bei mbaya mwaka wa kwanza, zinaibiwa.

Mimi ni msichana. Darasani nitakuwa peke yangu?

Peke yako hapana, wachache ndiyo. Utapewa kazi ya kuandika ripoti ya kikundi kwa sababu "mwandiko wako ni mzuri". Kataa wiki ya kwanza, dai sehemu ya programu, hawatarudia. Nairobi ina vikundi vya wanawake wa teknolojia vilivyo hai. AkiraChix, walioanza 2010, wana mafunzo ya mwaka mmoja ya bweni kwa wasichana, na kwa ambaye ada ya chuo kikuu haipo kabisa, hiyo ni njia ya kutazama kwa macho mawili.

Shahada ya Nairobi itatambulika nyumbani?

Kama chuo na programu vimo kwenye orodha za CUE, ndiyo, kwa kufuata hatua za kwenu: TCU kwa Tanzania, NCHE kwa Uganda. Tunza cheti cha sekondari, barua ya udahili na nakala ya kila matokeo. Wanavitaka vyote kwa pamoja, miaka sita baadaye, siku ambayo hujui sanduku liko wapi.

Kwani nisisome nyumbani tu?

Swali zuri, na wachache wanauliza. Kijana wa Dar aliyepata nafasi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale kampasi ya Kijitonyama, na mkopo wa bodi juu yake, mimi humwambia abaki. Mganda mwenye nafasi Makerere vilevile. Aje Nairobi kwa wiki mbili za likizo aone, arudi. Na anayewaza uzamili aangalie pia Kigali, ambako Carnegie Mellon wana kampasi ya ngazi hiyo.

Nairobi inafaa zaidi kwa ambaye nyumbani idara ni dhaifu au imefungwa na vita, kwa aliye na ndugu hapa, au kwa anayetaka kuzungukwa na kampuni na watu wa fani hii akiwa bado mwanafunzi. Hilo la mwisho ndilo lililonishika mimi. Nilijifunza mengi Jumamosi kwenye vikao vya bure kuliko katika masomo kadhaa niliyolipia.

Mimi ni mzazi. Mwanangu ataharibika huko?

Shikamoo mzee. Anaweza. Anaweza na Morogoro pia. Mpigie Jumapili, umwulize anasoma nini wiki hii, si kama anasoma. Akishindwa kukueleza wiki tatu mfululizo, panda basi.

Niko mbali, siwezi kuja kuangalia vyuo. Nifanyeje?

Tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa idara hiyo, si wa mwaka wa kwanza ambao bado wana furaha ya ugeni. Wengi wanaweka kazi zao hadharani kwenye GitHub, tovuti ambako watu huweka programu walizoandika, na jina la chuo liko pale. Waandikie kwa adabu, sentensi nne: wewe nani, unatoka wapi, na maswali mawili tu. Waulize somo gani limewapa shida na nani alilifundisha. Waulize matokeo ya semista iliyopita yalitoka lini. Waombe ratiba ya wiki hii, na wakuonyeshe vipindi gani mwalimu hakutokea.

Nilipofanya hivyo kwa ajili ya mdogo wangu mwaka alioomba, waliojibu walikuwa wanne kati ya tisa. Mmoja wao alinitumia picha ya ubao uliojaa miti ya algoriti, saa nne usiku, na watu kama kumi wamekaa sakafuni. Hakuandika maneno mengi. Mdogo wangu aliomba chuo hicho, na kingine kimoja cha akiba.